Kiti cha Aliyepiga Kura Tofauti

Bwana asifiwe, wapendwa. Wazee wa kanisa, akina mama, vijana, na ninyi mnaosimama mlangoni kila Jumapili kupokea watu: mada niliyopewa ni upendo wa Kikristo wakati siasa zimepamba moto. Nitaizungumzia hapa hapa kwetu Kenya, kwa maana kanisa la nchi hii lina deni.

Tarehe 1 Januari 2008, watu waliokuwa wamejificha kanisani Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao kina mama na watoto, walichomewa humo. Walikimbilia pale wakiamini kwamba nyumba ya Mungu haiguswi. Katika ghasia zile za baada ya uchaguzi, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao. Sehemu nyingi, aliyefukuza na aliyefukuzwa walikuwa wakiimba tenzi zile zile. Februari mwaka huo, viongozi wa Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK, waliungama hadharani kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande. Naliheshimu sana ungamo hilo. Ila lilikuja tumeshazika.

Ubaguzi hausubiri siku ya kura ndipo uingie kanisani. Mtu anaongoza maombi, anasema, "Ee Bwana, mpe mtu wetu ushindi," nusu ya watu wanaitikia Amina kwa nguvu na nusu wananyamaza. Mhubiri yuko katikati ya neno, anaacha Kiswahili, anaingia lugha ya nyumbani, anatupa utani mmoja kuhusu kabila fulani. Watu wanaangua kicheko, na mwalimu aliyehamishiwa shule ya jirani anabaki ameinamia Biblia yake. Mgeni anaulizwa jina la ukoo kabla hajaonyeshwa pa kuketi, na sote tunajua jina hilo linatafutiwa nini. Hakuna aliyemwambia aondoke. Baada ya Jumapili kadhaa haonekani tena, nasi tunasema amepoa kiroho!

Yakobo aliliona hili mapema. Katika sura ya 2 anamtaja mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa asimame kule. Siku hizi mwenye pete huja na msafara wa magari na bahasha ya harambee, halafu anapewa maikrofoni. Ndiyo maana nilifurahi Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa la Kianglikana alipowazuia wanasiasa kuhutubia ibadani. Waketi, waimbe, wapokee Neno kama wengine. Kumnyima mwanasiasa maikrofoni ni kumkaribisha vizuri zaidi, kwa sababu hapo anapokelewa kama mwenye dhambi mwenzetu.

Sasa kuna anayeniuliza, "Kwa hiyo kanisa linyamaze?" La, hasha. Kijana akipigwa risasi barabarani, kanisa liseme. Fedha za umma zikiibwa, liseme, na liseme vivyo hivyo mwizi akiwa wa kwetu. Ninachokataa ni kumhukumu jirani kwa kura yake. Yesu aliwaita Mathayo mtoza ushuru, aliyekula kwa mkono wa utawala uliokuwa chini ya Warumi, na Simoni aitwaye Zelote, jina la watu wenye wivu mkali kwa ajili ya taifa lao. Akawaketisha meza moja. Sidhani maongezi ya meza ile yalikuwa mepesi kila jioni, lakini hatusomi popote kwamba mmoja alitakiwa kwanza aoneshe msimamo wake.

Paulo anawaambia Warumi, sura ya 15, wakaribishane kama Kristo alivyowakaribisha wao. Na Kristo alitukaribisha tulipokuwa bado wakosaji.

Uchaguzi wa 2027 unakuja. Naomba kazi ianze wiki hii. Wazee, chukueni daftari la washarika, mtazame ni nani wameacha kuja tangu siasa zipande joto, na mwatembelee. Nendeni wawili wawili, mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule. Msiende na ujumbe wa kuwarudi wala bahasha ya mchango. Kunyweni chai yao, mwaulize kilichowaumiza, na mkiambiwa ni sisi, msijitetee.