Madini adimu: tani nyingi, uwiano mbaya

Habari zenu huko nyumbani. Bei ya madini adimu ikipanda tu, utasikia, "Tufungue migodi zaidi." Leo tuipige hesabu hiyo, maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Madini adimu ni kundi la elementi 17, na hazichimbwi moja moja. Zinatoka pamoja, kwa uwiano uliowekwa na mwamba. Tazama mgodi wa Mountain Pass, Marekani: katika kila kilo 100 za oksidi za elementi hizi (yaani zikiwa zimeungana na oksijeni), seriamu ni karibu nusu, lanthanamu karibu theluthi. Neodimiamu na praseodimiamu, zinazogombewa kwa ajili ya sumaku za magari ya umeme, ni kama kilo 16 tu zikijumlishwa. Ukitaka tani moja ya hizo mbili, unabaki na tani tano za seriamu na lanthanamu, na soko lake limeshashiba. Disprosiamu, elementi nyingine ya kundi hili? Hapo utaambulia chembe. Nyingi inatoka kwenye udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa China na Myanmar.

Na disprosiamu ndiyo inayoifanya sumaku istahimili joto. Bila hiyo, sumaku ya kawaida ya neodimiamu huanza kupoteza nguvu yake ya kuvuta ikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ndani ya mota ya gari joto laweza kufika 150. China ilipoanza kudai vibali vya kuuza nje Aprili 2025, disprosiamu ilikuwamo kwenye orodha, neodimiamu haikuwamo.

Kuzitenganisha ni kazi. Seriamu huondolewa mapema: madini huchomwa penye hewa, kisha asidi hafifu huyeyusha nyingine na kuiacha. Hizo zilizoyeyuka hukorogwa na mafuta ya taa yenye kemikali ya kuzivuta, zikaachwa zitulie, mafuta juu, maji ya asidi chini. Zinafanana mno, kwa hiyo kila tangi hutenga kidogo tu, na matangi hufika mamia. Asidi ikiyumba kwenye tangi moja, uchafu husafiri hadi la mwisho.

Ndiyo maana mimi naona nafuu ya karibu iko kwenye matumizi. Disprosiamu sasa hupakwa juu ya sumaku, ikapashwa moto ipenye kwenye mipaka ya punje ndogo zinazounda sumaku tu, badala ya kuchanganywa kote. Sumaku isiyopata joto inaweza kutiwa seriamu mahali pa sehemu ya neodimiamu.

Halafu kuna sumaku kuukuu. Tafadhalini, ing'olewe kabla mota haijasagwa! Ikisagwa humo, unga wake hung'ang'ania chuma na kupotelea tanuruni. Ikitoka nzima, hidrojeni huivunja ikawa unga bila asidi, na unga huo tayari una neodimiamu na disprosiamu kwa kipimo cha sumaku, bila mlima wa seriamu nyuma yake.