Safisha mwenyewe picha ghafi ya darubini ya Hubble: hatua kwa hatua

Karibu mtazamaji. Leo tunachukua picha ghafi ya darubini ya anga ya Hubble, kama ilivyotoka kwenye kihisi, na kuifikisha mahali ambapo kila namba iliyomo unaweza kuitetea. Ni kazi inayofanywa na programu kila siku kule Baltimore, Marekani, kwenye taasisi inayosimamia sayansi ya Hubble. Sisi tutaifanya kwa mkono hapa Mwanza, kwa laptopu ya kawaida. Ukiifanya mara moja kwa mkono, utajua programu ikikosea imekosea wapi.

Andaa laptopu yenye RAM ya GB 4 au zaidi, na ndani yake lugha ya programu ya Python na maktaba zake numpy na astropy, pamoja na DS9, programu ya bure ya kutazama picha za FITS, aina ya faili inayotumiwa na wanaastronomia. Kuhusu bando, piga hesabu kabla hujaanza. Faili ghafi moja ya WFC3, mojawapo ya kamera za Hubble, upande wa mwanga wa kawaida na urujuanimno (UVIS), ni kama MB 35. Iliyokwisha kusafishwa ni kama MB 168, na faili tatu za marejeo tutakazohitaji zinakaribia MB 170 kila moja. Jumla ni zaidi ya MB 700, hivyo tenga GB 1. Pakua kwa programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia, maana bila hiyo, umeme ukikatika na modemu ikazimika utaanza upya. Faili ya FITS iliyokatika katikati inaweza kufunguka ikaonekana nzima, halafu nusu ya picha ikawa sifuri tupu. Linganisha ukubwa wa faili na ule ulioandikwa kwenye hifadhi kabla hujaigusa.

Kabla ya hatua ya kwanza, tuangalie siku ya Hubble ilivyo. Inazunguka Dunia kwa dakika 95 hivi, kwa hiyo siku moja inafanya mizunguko kama 15. Katika kila mzunguko Dunia inaziba nyota inayolengwa kwa sehemu kubwa ya muda, na hapo ndipo kazi nyingi za urekebishaji zinapoingizwa. Kifuniko cha kamera hufungwa, zikapigwa picha za giza za sekunde 900, picha za sekunde sifuri, na picha za taa ya ndani. Kuna eneo juu ya Brazili na Atlantiki ya Kusini ambako mkanda wa mionzi unashuka chini sana. Mizunguko inayopita humo hupoteza muda, kwa sababu chembe zinazogonga kihisi hujaza picha michirizi. Kila baada ya siku chache hupigwa pia mfululizo wa picha tatu za taa ya ndani, ya katikati ikiwa na mwanga wa kupita kiasi kwa makusudi, ili kuondoa kasoro inayofanya kihisi kipokee mwanga tofauti sehemu na sehemu. Na mara moja kwa mwezi kihisi, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye nyuzi −83, hupashwa hadi nyuzi 20. Joto hilo linaponya sehemu kubwa ya pikseli zilizoharibiwa na mionzi, lakini si zote. Zinazobaki zinaongezeka mwaka hadi mwaka, ndiyo maana faili ya giza ya 2010 haifai kabisa kwa picha ya 2020.

Hatua ya kwanza, kuchagua picha. Ingia kwenye MAST, hifadhi ya mtandaoni ya picha za Hubble, ni bure. Tafuta NGC 5139, yaani kundi la nyota la Omega Centauri, kamera WFC3/UVIS, filta F606W (ya mwanga unaoonekana kwa macho), miaka 2009 hadi 2011. Nina sababu ya kila kigezo. Omega Centauri hutumiwa kupima jinsi kamera inavyopinda picha, kwa sababu limejaa nyota pembe hadi pembe, na picha za urekebishaji hazina kipindi cha kufungiwa. Miaka hiyo ni ya mwanzo wa kamera, iliyowekwa na wanaanga Mei 2009, kwa hiyo kihisi bado kilikuwa na afya. Tena ni kabla ya Novemba 2012, ambapo picha za giza zilianza kuongezewa mwanga kidogo wa taa ili chaji isipotee njiani. Ukichukua picha za baadaye, huenda ukahitaji faili ya nne ya kuondoa mwanga huo. Anza na rahisi.

Pakua faili mbili zenye jina moja la herufi tisa linaloanza na i: moja inaishia na _raw, nyingine na _flt. Ya pili usiiguse. Hiyo ndiyo tutakayosahihishia mwishoni.

Hatua ya pili, soma heda, yaani maelezo yaliyo mwanzoni mwa faili. Fungua faili ghafi kwa astropy, tazama sehemu ya 0. Andika pembeni EXPTIME (muda wa kupiga picha), FILTER, na faili tatu za marejeo: BIASFILE (_bia), DARKFILE (_drk, ya giza) na PFLTFILE (_pfl, ya mwanga sawa). Majina ya faili yanaanza na iref$. Hilo ni jina la folda tu, linalofuata ndilo jina lenyewe. Zipakue kutoka CRDS, hifadhi ya marejeo ya Hubble. Hapa ndipo wengi wanateleza: wanachukua faili ya giza yoyote iliyo karibu. Usifanye hivyo. Faili ya giza hutengenezwa kwa kuunganisha picha za siku chache tu, na pikseli iliyokuwa nzima Jumatatu inaweza kuwa imeharibika Ijumaa.

Hatua ya tatu, tazama picha ilivyo. Kamera ina vihisi viwili vilivyopangwa juu na chini. Kwenye faili, sehemu ya 1 ni kihisi cha chini, kinachoitwa UVIS2, na sehemu ya 4 ndiyo UVIS1, cha juu. Namba zinapishana na majina, kwa hiyo andika kwenye karatasi. Kila kihisi kwenye faili ghafi kina safu wima 4,206 na mistari 2,070, lakini pikseli zinazoona anga ni 4,096 kwa 2,051. Zilizozidi hazikupigwa na mwanga hata kidogo: 25 kila ukingo, 60 katikati, na mistari 19 upande wa ndani. Usizikate bado, tunazihitaji sasa hivi.

Hatua ya nne, geuza namba ziwe za desimali. Usiruke hatua hii. Faili ghafi huhifadhi namba nzima zisizo na alama ya kutoa. Ukitoa 2,510 kwenye 2,505 bila kuzigeuza, badala ya −5 unaweza kupata 65,531, na pikseli yenye giza kabisa itang'aa kuliko nyota zote. Andika astype('float32') mara tu unapofungua data. Ukiona anga imejaa nukta nyeupe zinazokaribia 65,500, rudi hapa.

Hatua ya tano, ondoa kiwango cha msingi. Kikuza ishara kinaongeza namba yake hata pasipo mwanga wowote, kwa kawaida zaidi ya 2,000. Pale soko la Mwaloni Kirumba samaki wakipimwa ndani ya beseni, uzito wa beseni unatolewa kwanza. Pikseli za ukingoni ndizo beseni letu. Kila nusu ya kihisi ina kikuza chake, kwa hiyo pima kila nusu peke yake. Kwa nusu ya kushoto chukua kati-namba (median) ya safu 5 hadi 25, ukiziacha 5 za kwanza zilizo ukingoni kabisa. Kwa nusu ya kulia fanya vivyo hivyo ukitokea mwisho wa kulia. Toa kila namba kwenye nusu yake. Ukitumia namba moja kwa nusu zote mbili, utaona mstari wima katikati ya kihisi, upande mmoja mweusi kuliko mwingine.

Kisha toa faili ya _bia. Hii ni wastani wa picha nyingi za sekunde sifuri, inaondoa michoro midogo inayobaki baada ya kutoa kiwango cha msingi. Ukubwa wake ni sawa na wa faili ghafi, ndiyo maana hatukukata kingo.

Sasa kata. Safu wima: 25:2073 na 2133:4181, uziunganishe. Mistari: kwa sehemu ya 1 chukua 0:2051, kwa sehemu ya 4 chukua 19:2070. Hesabu ya Python inaanzia sifuri. Hakikisha umbo ni (2051, 4096). Ukikosea hata mstari mmoja, faili mbili zinazofuata zitakaa juu ya pikseli zisizo zake, na kando ya kila pikseli iliyoharibika kutatokea tundu jeusi.

Hatua ya sita, giza. Kabla ya kutoa, tutazame kidogo picha ya giza yenyewe. Pakua moja ghafi ya sekunde 900 uifungue kwa DS9, skeli ya zscale. Kifuniko kilikuwa kimefungwa, lakini picha imejaa. Zile nukta kali za pikseli moja, zilizosimama peke yake, ni pikseli moto: zinavujisha zaidi ya elektroni 54 kwa saa, wakati pikseli nzima inavuja chache tu. Michirizi mifupi na mirefu ni miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu kutoka angani zilizogonga kihisi. Fungua nyingine ya siku hiyo hiyo uipishanishe na ya kwanza. Michirizi imehama yote, nukta zimebaki palepale. Kutokana na tofauti hiyo, programu inajua kipi kiwekwe kwenye faili ya giza na kipi kitupwe.

Faili ya _drk iko kwa elektroni kwa sekunde. Zidisha kwa EXPTIME, gawanya kwa kigezo cha kubadili namba kuwa elektroni, ambacho kwa kamera hii ni kati ya 1.5 na 1.6 (soma ATODGNA hadi ATODGND kwenye heda ya _flt), halafu toa. Ukisahau kuzidisha muda, pikseli moto zitabaki ziking'aa kana kwamba hukufanya lolote.

Hatua ya saba, mwanga sawa. Gawanya picha kwa faili ya _pfl, inayosawazisha pikseli zinazopokea mwanga kwa viwango tofauti, kisha zidisha kwa kile kigezo cha elektroni. Sasa picha iko kwa elektroni. Kwenye F606W mabadiliko ni madogo, lakini usiyadharau: kosa la asilimia 2 kwenye mwanga wa nyota linaingia hadi kwenye hesabu ya umbali wake.

Hatua ya nane, sahihisha. Toa _flt kwenye yako. Ukipata karibu sifuri kila mahali, umemaliza vizuri. Tofauti ndogo iliyotulia, ya elektroni moja hivi, inatokana na namna ya kupima kiwango cha msingi. Nyota zote zikiwa pungufu kwa theluthi, hukuzidisha kigezo. Picha mbili zisipofanana hata kidogo, umebadilisha vihisi. Rudi kwenye karatasi yako. Usishangae miale ya kosmiki bado imo, _flt haiiondoi. Inaondolewa kwa kulinganisha picha mbili au zaidi za eneo moja.

Tazama pia sehemu ya DQ, inayobeba alama za kila pikseli. 16 ni pikseli moto, 256 ni pikseli iliyojaa. Alama hujumlishwa, kwa hiyo pikseli yenye zote mbili ina 272, na ukitafuta zilizo sawasawa na 16 utaikosa. Tumia dq & 16.

Ukitaka kujaribu mbinu hii kwa kamera yako, Omega Centauri linaonekana vizuri kutoka kwetu. Mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku, liko upande wa kusini, nyuzi 45 juu ya upeo. Tafuta usiku usio na mbalamwezi. Lakini kumbuka hizo ndizo siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa wanatoka, na taa zao zinaangaza upeo wa ziwa. Tafuta sehemu ambayo ziwa halitakuwa kusini kwako, au jikinge nyuma ya jiwe kubwa, hapa kwetu hayakosekani.

Kamera ya mkononi haina kipoozeo, kwa hiyo giza lake linabadilika na hali ya hewa. Piga picha 20 za giza palepale baada ya nyota, kifuniko kikiwa kimefungwa, ISO ile ile na sekunde zile zile. Ukizipiga kesho yake ndani ya chumba chenye joto, utatoa zaidi ya kilichokuwepo na pikseli zitageuka matundu meusi. Picha za mwanga sawa piga alfajiri, fulana nyeupe iliyonyooshwa mbele ya lenzi, bila kugusa fokasi wala kufungua lenzi, kwa sababu vumbi likihama picha hizo hazifai tena. Na unyevu wa ziwa unatua kwenye kioo kuanzia kama saa tano usiku. Nyota zikianza kuvimba, kagua lenzi kwa tochi hafifu kabla hujapiga nyingine.