Ubaguzi Unaojificha Kwenye Misamaha: Dini Zenye Asili ya Afrika Mahakamani

Ndugu wasikilizaji, zamani watunga sheria wa ng'ambo ya Atlantiki hawakuona haya kuitaja dini waliyotaka kuizima. Trinidad ilipiga marufuku ibada za Wabatisti wa Kiroho, dini inayochanganya Ukristo na mila za Kiafrika, mwaka 1917, ikiwaita "Shouters", yaani wapiga kelele, na haikuifuta sheria hiyo hadi 1951. Jamaika mpaka leo ina Sheria ya Obeah ya 1898, obeah ikiwa ni uganga wenye asili ya Afrika, nayo imetungwa hivi: ukikutwa na kifaa kinachodaiwa kuwa cha obeah, unahesabiwa mtendaji mpaka uthibitishe vinginevyo. Mliosoma sheria za uchawi za Kenya na Tanganyika, za 1925 na 1928, mtaitambua ladha hiyo. Jikoni ni kwa Mwingereza yuleyule.

Leo nitashughulika zaidi na aina ya pili ya sheria, ile isiyoitaja dini kwa jina, kwa kuwa ndiyo inayowapotosha hata majaji.

Mwezi Aprili 1987 kanisa la Lukumi Babalu Aye lilikodi kiwanja mjini Hialeah, Florida. Waumini wake ni wa Santeria, dini ya Wayoruba iliyofika Cuba na watumwa. Orisha, yaani miungu yao, hutolewa kafara ya kuku, njiwa, bata, mbuzi, kondoo au kobe. Mnyama hukatwa mishipa ya shingo, na nyama hupikwa na kuliwa, isipokuwa katika baadhi ya ibada, kama za uponyaji na za msiba. Juni madiwani waliitana kikao cha dharura. Kufika Septemba walikuwa wamepitisha mfululizo wa sheria ndogo, adhabu yake faini isiyozidi dola 500, au kifungo kisichozidi siku 60, au vyote viwili.

Sheria ndogo namba 87-52 ilieleza kafara kuwa ni kumuua mnyama bila ulazima, katika ibada ya hadharani au ya faragha, pasipo lengo kuu la chakula. Ukiisoma haraka utaona inawahurumia wanyama. Isome tena ukiuliza nani ameachwa nje. Kuwinda kuliruhusiwa, kuvua samaki kuliruhusiwa, kutega panya pia. Kuhusu ulazima, mahakama ya Florida ilikwisha kuamua kwamba kufundishia mbwa wa mbio kwa sungura hai hakukosi ulazima! Maneno "lengo kuu la chakula" yakawatoa wachinjaji wa Kiyahudi, na sheria namba 87-72 ikawasamehe wanaochinja nguruwe au ng'ombe wachache kwa wiki. Toa wote hao, na waliobaki ni waumini wa Santeria karibu peke yao.

Kanisa lilishindwa mwaka 1989, likashindwa tena kwenye rufani 1991. Kikwazo kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu katika kesi ya Smith, 1990, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imesema kwamba sheria isiyolenga dini na inayomgusa kila mtu haihitaji kuisamehe dini yoyote. Tarehe 11 Juni 1993 majaji wote tisa walikubaliana kwamba sheria za Hialeah hazina sifa hizo. Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu, alizipima sababu za mji moja moja. Afya? Mwindaji anakula nyama isiyokaguliwa. Mizoga inayotupwa ovyo? Basi dhibiti utupaji, nao uwahusu hata wenye mikahawa.

Hapa nina onyo kwa wanaoandaa kesi. Katika kile kikao cha Juni diwani mmoja alikumbusha kuwa Cuba ya zamani watu walifungwa kwa sababu ya dini hii, akapigiwa makofi. Ushahidi mtamu, lakini sehemu ya hukumu iliyotegemea maneno ya madiwani iliungwa mkono na jaji mmoja tu mbali na Kennedy. Kesi iliamuliwa kwenye maandishi ya sheria yenyewe. Anza na fasili, nenda kwenye misamaha, kisha orodhesha vitendo vya kawaida vyenye madhara yaleyale ambavyo havikuguswa.

Njia hii ina mpaka. Huko Euless, Texas, marufuku ya kuchinja haikuandikwa kwa ajili ya Santeria. Kuku waliruhusiwa, ila kumweka wakfu kuhani kunahitaji wanyama wa miguu minne. Mwaka 2009 kuhani mmoja wa Santeria alishinda kwenye rufani, lakini kwa sheria ya jimbo ya kulinda uhuru wa dini. Kilichouangusha mji ni kukosa ushahidi: alikuwa amechinja nyumbani kwa miaka 16 bila kuonyeshwa madhara ya kiafya.

Brazil ilikwenda kinyume kabisa. Jimbo la Rio Grande do Sul lilitunga sheria ya kulinda wanyama mwaka 2003, na mwaka uliofuata likaongeza kifungu kinachotaja kwa jina dini zenye asili ya Afrika, kwamba ibada zao haziingii kwenye marufuku. Waendesha mashtaka wakalalamika kuwa dini moja inapendelewa. Machi 28, 2019, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikikubali kifungu, ikisema kuwa ulinzi mahususi haupingani na usawa pale ambapo unyanyapaa unatokana na chuki iliyojengeka katika jamii. Kwangu hoja hiyo ina uzito, hasa ukikumbuka kwamba katika jimbo la Bahia nyumba za ibada za Candomblé, mojawapo ya dini hizo, zililazimika kujiandikisha polisi hadi 1976, jambo ambalo hakuna parokia ya Kikatoliki iliyoliona.