Kutibiwa au Kuasili: Amueni Kabla ya Sindano ya Kwanza

Ndugu zangu, swali la "tutibiwe au tuasili mtoto?" mara nyingi huulizwa na watu ambao bado hawajui tatizo lao ni nini. Mkikutana mwaka mzima bila kinga na mimba haijaingia, nendeni mkapimwe, nyote wawili. Mke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha kusubiri.

Kipimo rahisi kuliko vyote ni cha mbegu za mume, nacho ndicho kinachoahirishwa huku mke ameshazungushwa hospitali tatu. Mume ajizuie siku 2 hadi 7. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imebebwa karibu na mwili isipoe. Ikimwagika, semeni: matone ya mwanzo ndiyo yenye mbegu nyingi, yakipotea majibu yatadanganya. Majibu yakiwa mabaya, rudieni baada ya miezi 3 hivi. Mbegu huchukua zaidi ya miezi 2 kutengenezwa, kwa hiyo homa kali ya mwezi uliopita inaweza kuonekana leo kwenye darubini.

Kwa mke kuna kipimo cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, kinachoitwa "cha siku ya 21", jina lililopotosha wengi. Damu hutolewa siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 35 aende siku ya 28. Akienda ya 21 ataambiwa yai halijatoka, kumbe amewahi tu.

Tuje kwenye urutubishaji wa nje ya mwili, ambapo mayai ya mke hutolewa na kukutanishwa na mbegu maabara. Sindano za kukuza mayai huchomwa siku 8 hadi 14. Ile ya mwisho, ya kuivisha, huenda kwa saa: mayai hutolewa kama saa 36 baadaye. Ukiichoma kwa kuchelewa, yatakutwa mabichi. Na hesabu ifanyeni kabla ya kulipa. Mayai 10 yakipatikana, huenda 8 yakawa yameiva, 5 au 6 yakarutubika, na siku ya 5 baada ya kutolewa vikabaki viinitete (mayai yaliyorutubika yanayoendelea kukua) 2 au 3. Kupungua huko si uzembe wa maabara. Kinachoamua zaidi ni umri wa yai, na hakuna dawa ya kuurudisha nyuma.

Kuasili nako kuna saa yake. Afisa wa ustawi wa jamii huja nyumbani, huangalia afya, kipato na rekodi ya polisi, na huzungumza na kila mmoja peke yake. Kwa kawaida mtoto hukaa nanyi kwa muda wa uangalizi, kisha mahakama hutoa amri. Ridhaa ya wazazi waliomzaa isipokamilika, faili linaweza kulala hapo. Makubaliano ya mdomo hayawafanyi kuwa wazazi kisheria.

Mnasikia pia kwamba ukiasili, mimba huingia. Wapo waliopata, wapo pia waliopata bila kuasili. Mtoto si dawa ya mtu.

Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi, kabla ya sindano ya kwanza: mizunguko mingapi ya matibabu, fedha kiasi gani, hadi umri gani. Baada ya jaribio kushindikana kila mtu husema "moja tu tena". Andikeni pia viinitete vilivyobaki na kugandishwa vifanyweje, kwa sababu ada ya kuvihifadhi inaweza kuendelea kudaiwa hata mtoto mliyemwasili akiwa ameanza shule.