Cheti cha Nyanya na Modemu ya Omari

RUKIA: Haya, tuko hewani. Omari, mbona umenuna? Foleni ya feri?

OMARI: Modemu, dadangu. Jumatatu nimelipia intaneti ya megabiti 20 kwa sekunde badala ya 10. Jumanne napima, 10. Jumatano, 10. Napiga simu, naambiwa "tayari imeshabadilishwa". Alhamisi usiku stima zikapotea Kisauni, ziliporudi napima: 20! Fundi hajakanyaga kwangu.

RUKIA: Stima ndiyo iliyokutengenezea. Modemu ya kebo haiweki masharti yake tumboni. Kila ikiwaka huanza upya: inasaka masafa, inaelewana na mtambo wa kampuni ipige sauti kwa nguvu gani, halafu inaomba anwani kwa DHCP, yaani utaratibu wa kugawa anwani za mtandao. Katika jibu mna jina la faili na seva ya kuichukulia. Inaivuta kwa TFTP, njia rahisi ya kuhamisha faili. Humo ndimo mna kasi ya kushuka, kasi ya kupanda, hata idadi ya vifaa unavyoruhusiwa kuunganisha. Ikizimwa, yote yamekwenda. Faili lako la 20 lilikuwa linangoja modemu iamke.

OMARI: Kumbe ni kama mtoto anayetumwa dukani, kila siku na cheti kipya.

RUKIA: Usinikumbushe vyeti. Nilikuwa na miaka 9, Mji wa Kale. Nyanya kaandika "sukari nusu, majani", na pembeni 27. Nikadhani ni tarehe. Njiani nikatoa penseli, nikaongeza "biskuti".

OMARI: Biskuti gani?

RUKIA: Za duara, zenye krimu. Ami dukani akakiweka cheti juu ya mizani, akaanza kupitisha kidole, herufi moja moja. Akakikunja. "Rudi kwa nyanyako." Kumbe ile nambari ni hesabu ya herufi, ukijumlisha wajukuu, nasi tulikuwa 11. Wao wawili tu ndio waliojua.

OMARI: Sukari nusu majani… 16. Na 11, 27. Sasa biskuti ina herufi 7. Ungeandika 34 tu, ungekula!

RUKIA: Ningejuaje? Na faili la modemu lina nambari kama hiyo, ila imekorogwa kwa MD5, kanuni ya hesabu ya kukoroga data, pamoja na neno la siri la kampuni. Huwezi kuongeza 7 ukapita. Miaka ya mwanzo ya 2000 kule Marekani, watu walikuwa wanaidanganya modemu ichukue faili kutoka kompyuta yao wenyewe, kasi ikapanda. Mtambo ukianza kuikagua ile nambari, modemu inakataliwa kujisajili.

OMARI: 34, Rukia. Nambari mbili tu.

RUKIA: Omari!

OMARI: Sawa, basi nisikize. Modemu nimenunua mimi, iko sebuleni kwangu, stima nalipa mimi. Iweje karatasi inayoitawala nisiisome?

RUKIA: Kwa sababu waya si wako peke yako. Mtaa mzima mnagawana. Ukijipandishia, jirani yako ndiye anayekosa.

OMARI: Sijasema kujipandishia. Nasema kusoma. Siku 3 nimelipa 20 napewa 10. Ningeliona lile faili, Jumanne asubuhi ningekuwa na ushahidi, si kubembeleza mtu kwenye simu.

RUKIA: Hapo walikukosea, sikatai. Lakini anayesoma leo kesho anashika penseli. Mimi nilianza kwa kusoma.

OMARI: Ulikuwa mtoto! Mimi mtu mzima unanifananisha na mwizi wa biskuti?

RUKIA: Nakufananisha na mwenye tamaa, na hiyo haina umri.

OMARI: Basi hapo hatutaelewana.

RUKIA: Hatutaelewana. Ami alifanya haki, mpaka leo nasema hivyo.

OMARI: Na nyanyako angekusomea cheti kabla hujatoka, usingedhani ni tarehe.

RUKIA: …Tumebakiwa na dakika moja. Tuliahidi kusoma taa za modemu, ule ukurasa wake wa 192.168.100.1 unaofunguka kwenye kompyuta, na maswali ya kumuuliza fundi.

OMARI: Hatujagusa hata moja.

RUKIA: Hatuwezi sasa. Jamani, ukibadilisha kifurushi, chomoa modemu, hesabu mpaka 30, ichomeke tena. Usingoje stima ipotee.

OMARI: Hesabu mpaka 34.