Steringi Hafi: Maisha Marefu ya James Bond

Wazee wangu, ndugu zangu wasomaji, asanteni kwa kuja. Na ninyi vijana mliokubali kukaa kwenye ngazi ili wakubwa wapate viti, shukrani za pekee.

Nitaanzia kwenye kibanda umiza. Wa umri wangu hawahitaji maelezo. Kwa wadogo nitasema kilikuwa chumba cha mabati, televisheni moja, deki moja, mabenchi ya mbao na joto la kulowanisha shati kabla picha haijaanza. Mle ndani palikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: steringi hafi. Adui atakufa, rafiki wa steringi hufa karibu kila mara, mpenzi wake akifa tutasikitika. Lakini steringi mwenyewe hata akitumbukia baharini amefungwa minyororo, sisi tulibaki tukikisia tu ataibukia wapi.

Jumapili moja waliweka picha ya James Bond, yule jasusi wa kubuni wa Uingereza. Alikuwa Roger Moore, bwana wa suti safi na nyusi moja juu, tukampenda. Wiki mbili baadaye wakaweka nyingine, na aliyejitaja kwa jina lilelile alikuwa mtu mwingine kabisa, Sean Connery, mzito wa mabega, mwenye macho makali. Zogo likazuka. Nusu ya benchi walitaka warudishiwe hela zao. Mzee aliyekaa mlangoni kupokea viingilio akatuamua kwa maneno niliyoyabeba miaka yote hii: "Bond ni cheo, wanangu. Chifu akifa, kiti hakikai kitupu."

Lilikuwa jibu la busara, na lilituliza chumba. Leo nataka kusema kwa nini naona halikutosha.

Tuanze na aliyemzaa. Ian Fleming alizaliwa London mwaka 1908. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini la Uingereza, msaidizi wa Admirali John Godfrey, ambaye wengi wanamwona nyuma ya yule bosi wa Bond anayeitwa M. Baada ya vita alijenga nyumba Oracabessa, pwani ya kaskazini ya Jamaica, akaiita Goldeneye. Huko, mwanzoni mwa mwaka 1952, akiwa na miaka 43 na wiki chache kabla ya kufunga ndoa, alikaa kwenye taipureta akaandika Casino Royale, riwaya ya kwanza ya Bond.

Alihitaji jina. Rafuni alikuwa na kitabu cha ndege wa visiwa vya Karibiani, kilichoandikwa na mtaalamu wa ndege wa Kimarekani aitwaye James Bond. Akalichukua. Fleming alieleza mara kadhaa kwamba alitaka jina fupi, kavu, lisilo na mvuto wowote, kwa sababu mtu wake alipaswa kuwa chombo butu mikononi mwa serikali. Mambo ya ajabu yamtokee yeye. Mwenyewe asiwe wa ajabu. Hapo tukae kidogo, maana wengi hupapita. Bond wa kwanza hana nyumba ya kukumbukwa, hana ndugu, hana dini ya kumshika, hana lahaja. Ana sigara, bunduki, vinywaji na namba yake, 007. Fleming alifinyanga chungu akakiacha kitupu, na chungu kitupu kila mpishi anaweza kukipikia chake.

Sasa niwape tarehe. Aprili 8, 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Siku tano baadaye, Aprili 13, Casino Royale kikatoka London. Mwaka 1956 Uingereza iliaibika mbele ya dunia kwa vita vya Suez. Waziri Mkuu Anthony Eden, mgonjwa na mchovu, akaenda kupumzika. Wapi? Goldeneye, nyumba ya Fleming. Filamu ya kwanza, Dr. No, ilipigwa kwa sehemu kubwa Jamaica mapema mwaka 1962. Agosti mwaka huohuo Jamaica ikapata uhuru. Filamu ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza London Oktoba 5, na Oktoba 9 bendera ya Uingereza ikashushwa Kampala.

Sisemi kwamba Fleming alipanga. Nasema himaya ilikuwa ikikunjwa kama mkeka wa msibani, na palepale akatokea Mwingereza mmoja wa kubuni ambaye kila akishuka uwanja wa ndege wa nchi yoyote, mambo ya dunia yanamngoja yeye. Wamarekani wana fedha na mitambo, Warusi wana majeshi, lakini bomu linazimwa na mtu wa London. Msomaji wa Uingereza aliyekuwa akifungua gazeti asubuhi na kukuta koloni jingine limeondoka, jioni alikuwa na pa kujiliwaza.

Swali linalonisumbua mimi ni jingine. Sisi, watoto wa hao walioshusha bendera, tulikuwa tunashangilia nini kwenye kibanda?

Nadhani tulishangilia ule utupu. Kwa kuwa hakuwa na ukoo wala kijiji, kila mmoja wetu aliweza kuvaa koti lake kwa saa mbili. Kuna mwandishi wetu aliyefanya zaidi ya kuvaa. Elvis Musiba, miaka ya 1970, alimleta Willy Gamba, jasusi Mtanzania, mtanashati, mwepesi wa risasi. Mwendo ule tunaujua ulikotoka. Lakini Gamba alipewa kazi ambayo Bond asingepewa kamwe: kupambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Kwangu mimi, hilo ni jibu kubwa kuliko makala zote zilizowahi kuandikwa za kumlaani Bond.

Na yapo ya kulaaniwa, tusifichane. Live and Let Die, riwaya ya mwaka 1954, inawazungumzia watu weusi wa Harlem kwa maneno ya kuumiza. Mwaka 2023, riwaya zilipotolewa upya kuadhimisha miaka 70, baadhi ya maneno hayo yaliondolewa. Mimi ningeyaacha yalivyo. Napenda kujua aliyeandika alinionaje. Na katika filamu ya mwaka 2006 iliyotokana na Casino Royale, fedha za waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) zinakabidhiwa kwa tapeli porini, na maandishi kwenye skrini yanasema tuko Mbale, Uganda. Mbale ni mji chini ya Mlima Elgon. Vita vya LRA viliwaua watu wa Acholi, kaskazini kule. Aliyeandika jina lile hakuona haja ya kutazama ramani, na wapo watu waliozika watoto wao kwa vita hivyo.

Nirudi kwa mzee wa mlangoni na neno lake la cheo. Tatizo ni Tracy. Katika filamu ya mwaka 1969, Bond wa George Lazenby anaoa, na mkewe Tracy anapigwa risasi siku ileile ya harusi. Lazenby hakurudi tena. Lakini mwaka 1981 filamu inafunguka Bond akiwa makaburini na maua, mbele ya kaburi la Tracy, na anayeinama pale ni Roger Moore. Chifu mpya harithi majonzi ya chifu aliyetangulia. Huyu ni mtu yuleyule.

Anawezaje? Jibu tunalo sisi watu wa hadithi. Abu Nuwas alikuwa mshairi wa kweli, akaishi Baghdad zama za Harun al-Rashid, akafa. Akavuka bahari kwa midomo ya watu, akafika mwambao wetu akiwa Abunuwasi, mjanja anayemshinda sultani. Bibi yako humsimulia kwa sauti yake, jirani kwa sauti yake, na mtoto haulizi mbona jana sauti ilikuwa nyingine. Anachotaka ni alama zile anazozijua zitokee. Bond ana alama zake: jina linalotajwa mara mbili, gari la Aston Martin, ule muziki wa gitaa uliotungwa na Monty Norman na kupangwa na John Barry, yule M nyuma ya meza. Ukizitia, msimulizi awe yeyote, hadhira huitikia pakawa.

Na wasimulizi husikilizana. Fleming hakufurahishwa mwanzoni na Connery, mtoto wa dereva wa lori kutoka Edinburgh aliyewahi kusambaza maziwa. Alitaka mtu wa tabaka lake. Kisha akamwona kazini. Katika riwaya ya mwaka 1964 tunasoma tanzia ya Bond, na ndani yake tunaambiwa baba yake ni Mskoti wa Glencoe. Wengi, nami nikiwemo, tunaona hapo mkono wa Connery. Mtoto wa sinema alimpa baba yake wa vitabuni nasaba.

Nimesema tanzia. Ndiyo, Bond amekufa zaidi ya mara moja. Mwishoni mwa riwaya ya mwaka 1957 anapigwa teke la kiatu chenye sumu, anaanguka chini, kitabu kinaisha. Mwaka uliofuata akarudi. Mwaka 1964 aliandikiwa tanzia akiwa hai kisiwani Japani, hajijui jina. Agosti 12 mwaka huo aliyekufa kweli alikuwa Fleming, kwa moyo, akiwa na miaka 56. Mtu wake hakusimama hata kidogo. Kingsley Amis akamwandika mwaka 1968 kwa jina la kupanga, John Gardner akamwandika kuanzia 1981, na wengine wakafuata, akiwemo Anthony Horowitz. Mahakama nazo zilimgombania, kwa sababu Fleming aligeuza mswada wa filamu alioutunga na wenzake kuwa riwaya bila idhini yao. Kesi ya jambo hilo ilizaa filamu pinzani mwaka 1983, na mabaki yake hayakumalizwa mpaka 2013.

Kisha ikaja filamu ya mwaka 2021. Bond wa Daniel Craig anasimama juu ya paa kisiwani, makombora yanashuka, na safari hii haibukii popote. Nilikuwa ukumbini. Nilisikia mtu wa makamo nyuma yangu akisema kwa sauti ya chini, "Haiwezekani." Nilijua amekulia wapi. Hakuna aliyenyanyuka. Majina marefu yakapita yote, na mwisho kabisa yakatokea maneno yaleyale ya siku zote, kwamba James Bond atarudi.

Atarudi mikononi mwa nani? Februari 2025, familia ya Broccoli, iliyomlea tangu filamu ya kwanza, ilikabidhi uamuzi wa kisanaa kwa Amazon. Hayo ni ya filamu. Vitabu vina hesabu yake. Uingereza hulinda kazi ya mwandishi miaka 70 baada ya kifo, yaani hadi mwisho wa 2034. Kenya hulinda miaka 50 baada ya mwaka wa kifo. Fleming alikufa 1964. Pigeni hesabu, ninyi mnaojifunza tafsiri.

Mimi nimejaribu ukurasa wa kwanza wa kile kitabu cha 1953, nikakwama mapema. Ni kasino, saa tisa usiku, na kabla ya jambo lolote Fleming anakuletea harufu: moshi, manukato na jasho la watu wanaoogopa kupoteza fedha. Niliandika "uvundo", nikafuta. Nikaandika "harufu nzito", nikafuta. Mwishowe nikakumbuka chumba cha mabati, watoto arobaini wamebanana, steringi amefungwa minyororo chini ya maji na hakuna anayethubutu kupumua. Nikaanza kuandika upya kutokea hapo.