Weusi wa mpingo uko ndani

Haya jamani, tuanze. Nina kipande cha gogo hapa, kipitisheni kila mtu akishike. Wengi mkisikia mpingo mnadhani mti mzima mweusi kuanzia gome mpaka mizizi, wapi! Angalieni huko pembeni, kuna duara jembamba la manjano mpauko, hilo fundi halitaki, yeye anafata kiini, na kiini chenyewe kikiwa kibichi si cheusi tiii, kina zambarau fulani hivi iliyokolea. Ila wachongaji wengine wajanja, wanaliacha hilo la manjano makusudi liwe nywele au nguo ya sanamu.

Sasa kuna watu wanachanganya mpingo na abunusi. Mpingo, wataalamu wanauita Dalbergia melanoxylon, ni wa jamii ya kunde, ndio, kunde hizi hizi za kula. Abunusi ya Sri Lanka na India, na ile ya Kameruni na Gabon, ni Diospyros, ukoo mwingine kabisa, yaani kwa rangi mapacha ila hata shangazi mmoja hawana. Abunusi ndo inawekwa kwenye shingo ya fidla, pale vidole na nyuzi vinaposugua kutwa nzima, na zamani kwenye vibonye vyeusi vya piano.

Mpingo wenyewe umeenda kwenye klarineti na oboe, ala za muziki za kupuliza. Kwa nini? Kwanza mzito, utupe kwenye maji unazama, halafu umebana na una mafuta yake, kwa hiyo mate na mvuke wa mpulizaji haviingii kirahisi. Kuukereza sasa, mtihani, patasi inaisha makali chapchap na vumbi lake linawasha, lakini tundu likishatobolewa linabaki laini vilevile kama la chuma.

Haviingii kirahisi, sijasema haviingii kabisa. Klarineti mpya ukiipuliza masaa matatu siku ya kwanza, ndani inalowa inatanuka, nje bado kavu, unasikia pah! imepasuka. Ndo maana wanaanza na dakika chache tu kwa siku, wiki kadhaa hivyo hivyo.

Na msifikiri utapanda leo uvune kesho, unaongelea miaka 70 mpaka 100, tena unaukuta umepinda au una uwazi katikati.

Kipande kimefika wapi? Wewe huko nyuma, hebu kikwaruze na kucha tuone.